Spika Kubwa na Sikio Tulivu

Mazungumzo ya mwanachama mmoja mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, Vuga



Mmezoea katika mkutano huu kusikia habari za ada, za madawati na za paa la bweni. Leo kamati imenitaka nizungumze na wapenzi wa vyombo vya muziki, ambao si wachache katika chama chetu, niwashauri santuri za kusikiliza, hasa za muziki wa elektroniki na ule muziki wa utulivu ambao wenzetu wa Ulaya huuita ambienti. Mimi nitauita muziki wa mandhari, kwa kuwa hutandazwa chumbani kama mkeka, na mtu akaendelea na shughuli zake juu yake. Nitajitahidi nisiwachoshe, maana harufu ya pilau imekwisha kutufikia.

Ndugu zangu, mwanachama akinunua spika mpya, swali la kwanza tunalomwuliza ni hili: ina wati ngapi? Kisha tunaifungua mpaka vioo vya madirisha vinatetemeka, na tunakubaliana kuwa mashine ni nzuri. Lakini wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Neno langu la leo ni moja tu: mashine ya muziki hupimwa kwa sauti ndogo, na anayeipima ni sikio lililofundishwa kutulia. Santuri nitakazozitaja nimezichagua kwa sababu kila moja hulifundisha sikio somo lake.

Kwanza niondoe dhana moja. Wako wanaosema kuwa muziki wa mitambo ni wa Wazungu na Wajapani. Mwaka 1944, mjini Cairo, Mmisri Halim El-Dabh alichukua mashine iliyokuwa ikinasa sauti juu ya waya wa chuma, akarekodi ngoma ya pepo iitwayo zar, kisha akaingia studio akaongeza mwangwi na kupunguza sauti fulani, hata ile ngoma ikawa kitu kipya kabisa. Ilikuwa miaka minne kabla ya Mfaransa Pierre Schaeffer kujulikana Paris, mwaka 1948, kwa kazi ya namna hiyo. Kwa hiyo tusiingie katika muziki huu kama wageni wanaobisha hodi.

Sasa nianze na santuri zenyewe.

Ya kwanza ni Discreet Music ya Mwingereza Brian Eno, iliyotoka mwaka 1975. Mapema mwaka huo Eno aligongwa na gari mjini London, akawa amelala kitandani. Rafiki yake akamletea santuri ya kinubi. Alipokwisha ondoka, Eno akagundua kuwa sauti ilikuwa ndogo mno, na hakuwa na nguvu ya kuinuka kuiongeza. Nje mvua ilikuwa ikinyesha. Akalala akisikiliza kinubi na mvua pamoja, na hapo akaelewa kuwa muziki unaweza kuwa sehemu ya mahali, kama mwanga wa jioni ulivyo sehemu ya chumba. Upande wa kwanza wa santuri hiyo ni kipande kimoja cha dakika 30, kilichofanywa kwa sauti chache zinazozunguka katika kanda za mashine mbili. Sisi wa Vuga hatuna shida ya kuelewa. Iwekeni santuri hii siku ya mvua ya masika, chini ya bati, kwa sauti ndogo. Mkiona mvua inauharibu muziki, basi mmeweka sauti kubwa. Anayeipenda na aendelee na Music for Airports, ya Eno huyo huyo.

Ya pili ni Oxygène ya Mfaransa Jean-Michel Jarre, ya mwaka 1976. Aliirekodi nyumbani kwake Paris, si katika studio kubwa. Ndani yake mna mivumo kama upepo na mawimbi ya bahari, na yote imetengenezwa na mitambo. Santuri hii ni mwalimu wa kupanga spika. Kaa mahali ambapo wewe na spika zako mbili mnafanya pembetatu yenye pande sawa, na usizisukumie spika kwenye kona, kwa maana kona huvimbisha besi. Mpangilio ukiwa sawa, utasikia upepo ukipita mbele yako. Usipousikia ukitembea, kagua nyaya nyuma ya mashine: huenda umegeuza chanya na hasi katika spika moja.

Ya tatu inatoka kwa jirani zetu wa Ethiopia, nayo ni Shemonmuanaye ya Hailu Mergia. Huyu alikuwa mpiga kinanda wa bendi ya Walias ya Addis Ababa, akabaki Marekani. Mwaka 1985 alitoa kaseti aliyoipiga peke yake: kodiani, vinanda vya umeme na mashine ya kupiga ngoma. Baadaye akawa dereva wa teksi katika eneo la Washington. Mwaka 2013 kaseti ile ilitolewa upya na kampuni ya Awesome Tapes From Africa, na mzee akarudi jukwaani. Sikilizeni jinsi kodiani inavyopumua juu ya mdundo wa mashine usiochoka. Wadogo zangu, oneni pia kwamba kaseti iliyotunzwa na mtu mmoja inaweza kumrudishia mtu mwingine kazi yake baada ya miaka 28.

Ya nne ni ya nyumbani. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyefanya kazi zake Bagamoyo, alitoa pamoja na Mkanada Michael Brook albamu iitwayo Assembly, mwaka 2002, mwaka mmoja kabla ya kufariki. Sauti ya mzee, ilimba na zeze vimewekwa katikati ya gitaa na mitambo. Hapa nawaonya wapenzi wa vyombo: ilimba ina mzizimo wake, kama nyuki ndani ya kibuyu. Fundi aliyeitengeneza aliukusudia. Msije mkadhani spika imepasuka mkaipeleka kwa fundi. Spika mbaya huumeza mzizimo ule au huugeuza makelele. Spika nzuri huuonyesha ukizunguka kila noti kama ukungu unavyozunguka mlima.

Ya tano na ya sita zinatoka Kenya, na zimetolewa na vijana. Joseph Kamaru, ajulikanaye kama KMRU, alizaliwa Nairobi mwaka 1997. Amerithi jina la babu yake, Joseph Kamaru, mwimbaji mashuhuri wa Kikikuyu aliyefariki mwaka 2018. Albamu yake Peel, ya mwaka 2020, inapita saa nzima. Hamna ngoma wala wimbo. Kuna sauti zilizorekodiwa mitaani na mashambani, zikavutwa na kutandazwa hata zikawa kama mawingu. Msikilizaji asiye na subira atasema hakuna kinachotokea. Ahesabu dakika kumi, kisha arudishe mwanzo: atashangaa jinsi alivyosafirishwa mbali bila kuona njia.

Nyokabi Kariũki naye alitoa mwaka 2022 albamu fupi iitwayo peace places: kenyan memories. Mna sauti za nyumbani kwao, mna matembezi katika shamba la bibi yake, mna hata mbuzi wanaolishwa maembe. Santuri hii isikilizwe kwa spika za masikioni, usiku. Nani kati yetu hana shamba la bibi kichwani? Tofauti ni kwamba yeye alilirekodi.

Ya saba nimeiweka makusudi ili vijana wasiseme mzee analala. Ni Sounds of Sisso, iliyotolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, yenye singeli ya vijana wa Dar es Salaam. Mapigo yake hupita 200 kwa dakika. Singeli ni mtoto wa mchiriku na taarabu: vijana walichukua vipande vya muziki wa zamani, wakavikimbiza katika kompyuta. Kwa mpenzi wa vyombo, huu ni mtihani mkali wa besi. Spika nzito huchanganya mapigo yakawa tope. Spika nyepesi hutenga kila pigo. Nayo pia jaribuni kuisikiliza kwa sauti ndogo. Mtagundua ufundi ambao sherehe haiwapi nafasi ya kuusikia.

Ndugu Mwenyekiti, kuhusu vyombo nitasema mambo matatu tu, kwa kuwa wengi wetu hatuna fedha za kuchezea.

Moja, chumba ni nusu ya mashine. Ukuta mtupu wa saruji hurudisha sauti kama bonde. Pazia zito, mkeka na kabati la vitabu vitakufaa kuliko kubadilisha spika.

Mbili, nakala iliyobanwa sana katika simu hupoteza mikia ya sauti, yaani ule mwangwi unaofifia, na muziki wa mandhari ni mikia mitupu. Tafuta nakala kamili unapoweza.

Tatu, na hili nawaambia hasa wanafunzi: sikio halina spea. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asikilize sauti ya desibeli 80 kwa saa zisizozidi 40 kwa wiki. Ukipandisha hadi desibeli 90, zile saa 40 zinabaki 4. Kijana anayelala na spika za masikioni zikipiga kwa nguvu zote anatumia leo usikivu ambao atauhitaji akiwa na umri wetu, na hakuna duka linalouuza.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta hapa. Mwaka 2022 huyo KMRU alitoa kazi nyingine, Temporary Stored. Ndani yake ametumia sauti za Kiafrika zilizomo katika hifadhi ya jumba la makumbusho la Afrika ya Kati lililoko Tervuren, Ubelgiji. Zilirekodiwa huku, zikakaa kule. Mjukuu wa Kiafrika anayetaka kusikia sauti za wahenga hana budi kubisha kwenye mlango wa Ulaya. Nikajiuliza: na za kwetu ziko wapi?

Fikirini sauti za milima hii. Perere akilia msituni usiku, mgeni hudhani ni mtu anayenyongwa. Maporomoko ya Soni yanavuma mwezi wa Aprili. Basi linapiga honi kwenye kona likipanda kutoka Mombo. Tarumbeta za kanisani zinasikika ng'ambo ya bonde, na adhana inajibu kutoka kilima cha pili. Bibi anasimulia hadithi ya Mbegha kwa Kishambaa cha zamani, chenye maneno ambayo wajukuu wake hawayatumii tena. Kila mwaka tunasoma katika mkutano huu orodha ya wenzetu na wazee waliotutoka. Kila jina katika orodha ile limekwenda na sauti yake, na nyingi hazikurekodiwa na mtu yeyote.

Vuga ilikuwa na kiwanda cha kuchapa vitabu ambacho jina lake lilisomwa mbali na hapa, katika kurasa za kwanza za vitabu vya Kiswahili. Mahali palipojua kutunza neno kwa wino hapashindwi kutunza sauti. Kwa hiyo natoa pendekezo, na naomba kamati ilijadili: shule yetu ianzishe hazina ya sauti. Gharama yake ni ndogo. Simu nzuri moja, sponji ya kufunika maikrofoni isipigwe na upepo, na mahali pawili tofauti pa kuwekea nakala. Kabla ya kurekodi, mwanafunzi aombe ruhusa. Akirekodi, asishike simu huku akitembea. Aiweke mahali imara, anyamaze dakika tano. Mwanzoni ataje kwa sauti yake tarehe, mahali na jina la anayesikika. Sauti isiyo na jina ni sawa na picha ya mazishi ambayo hakuna anayejua ni ya nani.

Nanyi wenzangu wenye spika kubwa, nawaombeni mzilete hapa siku ya mkutano ujao. Tutasikiliza santuri mbili au tatu kati ya hizi saba, kisha tutasikiliza zile walizorekodi wadogo zetu, tena kwa mashine zile zile. Ndipo tutakapojua kwa hakika mashine ya nani ni nzuri.

Nawashukuru kwa utulivu wenu, ambao ndio somo lenyewe.