Macho ya Mtoto na Vitu Vinavyotembea
(Mafundisho kwa wamama wa kliniki, Kisangani)

Leo tuseme juu ya macho ya watoto wetu.

Je, jicho linaona peke yake? Hapana. Jicho linapokea mwanga tu, na mshipa unapeleka habari kwa ubongo. Huko ndani ya kichwa ndipo tunapojua: hiki kimesimama, kile kinatembea.

Mnataka kushuhudia? Simameni kwenye maporomoko ya Wagenia. Angalieni mahali pamoja maji yanapokimbia, dakika moja nzima. Halafu angalieni jiwe la kando. Mtaona kama jiwe linapanda mto! Jiwe halikutembea. Ubongo umechoka kufuata mwendo wa upande mmoja, basi kwa kitambo kidogo unadanganyika.

Mwaka 1983 waganga wa Ujerumani waliandika habari za mama mmoja aliyepata ugonjwa wa ubongo. Alijua rangi, alijua vitu, lakini mwendo hakuuona. Akimimina chai, aliiona kama imeganda. Motokari ilikuwa mbali, mara iko karibu. Kuvuka barabara ikawa hatari kwake.

Mtoto mchanga naye anajifunza kazi hii polepole. Akizaliwa, anaona vizuri kitu cha karibu tu, sentimita 20 hadi 30, kama shubiri moja hivi. Anapofika miezi 3, inafaa afuate kwa macho kitu kinachotembea.

Mumpime hivi:
1. Mtoto awe ameshiba, hana usingizi, mahali penye mwanga.
2. Shika kitambaa chekundu mbele ya uso wake, shubiri moja.
3. Kipeleke polepole kuume, halafu kushoto. Usiseme, usipige kelele, maana atageuka kwa kusikia, si kwa kuona.

Akikataa leo, jaribu tena kesho. Lakini kama amepita miezi 3 na hafuati, mlete kwa munganga. Na ukiona weupe ndani ya mboni, usingoje hata wiki moja. Pengine ni mtoto wa jicho, pengine ni kansa ya jicho, ambayo ikichelewa inaua. Ikionekana mapema, inatibika.

Msitie machoni maji ya majani, wala mkojo, wala maziwa. Vitu hivi vinaweza kuleta upofu.

Mama, mtoto asiyefuata kitambaa si mjinga, wala hakulogwa. Usimfiche nyumbani. Mlete tumwangalie.