Aliyechoka na Chama Chake Aende Wapi?



Leo hatukuja kusema juu ya mishahara. Tumekuja kusema juu ya watu wa mbali, lakini shauri lao mtalitambua upesi. Ni watu wa Marekani waliopigia kura chama kimoja maisha yao yote, kama baba zao walivyofanya. Kisha siku moja wakaona kwamba chama chao wenyewe ndicho kinachosikiliza simu zao. Wakaulizana nyumbani, wakaulizana kanisani: Tubaki? Twende kwa wale tuliowapinga siku zote? Ao twende kwenye chama kidogo ambacho hakijapata kushinda hata mara moja?

Tunajua mmoja wenu anasema moyoni: Hao ni watu wenye mali, matata yao yananihusu nini mimi? Ndugu, sikia kwanza.

Katika inchi ile vyama vikubwa ni viwili, Republikani na Demokrati. Katika chama cha Republikani kuna watu wengi wanaoitwa wahafidhina, maana yake watu wa kulinda desturi za wazee. Mafundisho yao ni haya: serkali isiwe kubwa, kodi isiwe nzito, mtu aachwe na nyumba yake na Mungu wake na bunduki yake. Kwao serkali ni kama moto wa jikoni. Unafaa, lakini usiuache peke yake usiku.

Tarehe 11 Septemba 2001 adui walipiga New York na Washington, watu karibu 3,000 wakafa. Inchi nzima ilishikwa na woga na hasira. Siku 45 baadaye, tarehe 26 Oktoba, Prezida George W. Bush, Republikani, alitia sahihi sheria iliyoitwa Patriot Act. Katika Seneti watu 98 waliikubali, mmoja tu akaikataa, naye alikuwa Demokrati, Russ Feingold. Katika nyumba ya wadepute, 357 waliikubali na 66 waliikataa. Kati ya hao 66, Republikani walikuwa watatu tu. Ndiyo kusema, wale waliofundisha miaka yote kwamba serkali isiaminiwe upesi, siku ile waliiamini karibu wote pia.

Sheria ile ilikuwa na nini? Mambo mengi. Tutasema mawili.

La kwanza: polisi waliweza kuingia nyumbani mwa mtu wakati hayupo, kutazama vitu vyake, na kumwambia baadaye. Juji alipaswa kutoa ruhusa, ni kweli, lakini mwenye nyumba hakuonyeshwa karatasi siku ile. Angerudi kutoka kazini, angekula, angelala, asijue kwamba mkono wa mtu ulipita katika sanduku lake. La pili: serkali iliweza kwenda kwenye tribinali ya siri na kupata amri ya kuchukua daftari za mtu popote zilipo, katika banki, katika duka, hata katika nyumba ya vitabu ili kujua anasoma nini. Aliyeombwa daftari alikatazwa kumwambia mtu yeyote.

Wazee wetu waliokaa katika kambi za wafanyakazi wakati wa Wabelgiji hawana lazima ya kuelezwa sana. Wanajua nyumba inakuwaje wakati mgeni anaweza kuingia na kuhesabu masufuria na watu waliolala. Nyumba ya namna ile si yako, umeazimwa tu.

Basi, kidogo kidogo wahafidhina wengine waliamka. Mwaka 2003 depute wa Idaho, Butch Otter, mmoja wa wale Republikani watatu, alileta shauri la kukataa feza kwa kazi ile ya kuingia nyumba kwa siri. Wadepute 309 walimfuata, 118 wakamkataa. Lakini halikufika kuwa sheria. Mwaka uleule baraza la Alaska liliandika kwamba halikupendezwa na Patriot Act, na mwaka 2005 baraza la Montana likafanya vilevile. Angalieni vizuri: Alaska na Montana zilimpa Bush ushindi mara mbili, mwaka 2000 na mwaka 2004. Si adui zake waliosema. Ni watu wa nyumba yake.

Halafu, mwezi wa Desemba 2005, gazeti la New York Times lilitangaza kwamba tangu yale mashambulio serkali ilisikiliza simu za watu waliokuwa ndani ya Marekani, walipoongea na watu wa inchi za inje, pasipo ruhusa ya juji hata mmoja. Na sheria ya mwaka 1978 ilisema ruhusa lazima. Tena sheria ile haikuwa ngumu: kukiwa na haraka, polisi waliweza kusikiliza kwanza na kuomba ruhusa nyuma yake. Hata hivyo hawakuomba. Hapo Bruce Fein, avoka aliyefanya kazi katika serkali ya Reagan, alisema wazi kwamba Prezida amevunja sheria.

Sasa tufike katika mabishano yenyewe, maana ndiyo kiini cha maneno yetu.

Wengi walijibu hivi: «Bush ni mtu wetu. Anatafuta wauaji, hatafuti mimi. Aliye na moyo safi aogope nini?» Maneno haya yanapendeza masikioni. Tumeyasikia hapa kwetu pia, kwa vinywa vya watu wazima. Wengine wakawajibu: «Mnatazama uso wa kapita, hamtazami urefu wa fimbo. Kapita huyu ataondoka. Fimbo itabaki ukutani, na atakayekuja nyuma yake ataikuta.»

Na ndivyo ilivyokuwa. Mwezi wa Januari 2009 Barack Obama, Demokrati, aliingia katika nyumba ile, akaikuta fimbo. Hakuivunja. Tangu mwezi wa Julai 2008, alipokuwa bado seneta, alikubali sheria iliyoipa serkali njia ya kusikiliza na kuziokoa kampuni za simu zisishitakiwe. Mwezi wa Mei 2011 muda wa sehemu fulani za Patriot Act ulipokaribia kwisha, aliuongeza akiwa safarini Ufaransa, na mashini ndiyo iliyoandika jina lake kwenye karatasi. (Sheria ya kuchukua daftari za watu, kutiwa sahihi na mkono usio na mtu! Lakini tuendelee.)

Hapa tunawalaumu wahafidhina wengi, wala hatufichi. Walinyamaza miaka minane, kisha wakapiga kelele siku fimbo ilipobadili mkono. Wanaostahili sifa ni wale waliosema wakati mtu wao mwenyewe alikuwa ameishika.

Hao ndio waliokuwa na shida ya kura. Kwa Demokrati hawakuona kimbilio. Wakatazama vyama vidogo. Kimoja ni chama cha Libertariani, kilichozaliwa mwaka 1971, kinachotaka serkali iwe ndogo katika mambo yote. Lakini kinasema vilevile kwamba serkali isimzuie mtu mzima kuvuta bangi, na watu wa kanisa walishindwa kumeza neno hilo. Kingine ni chama cha Katiba, cha watu wa dini zaidi. Tayari mnaona matata: watu ni wachache, na wamegawanyika tena.

Kisha kuna hesabu. Prezida wa Marekani huchaguliwa na wajumbe 538, na karibu kila jimbo huwapa wajumbe wake wote yule aliyetangulia, hata kama ametangulia kwa kura chache. Wa pili hapati kitu, wa tatu hapati kitu. Mwaka 1992 Ross Perot alipata kura karibu 19 katika kila 100. Wajumbe? Hata mmoja. Mwaka 2000 Bush alishinda Florida kwa kura 537, na katika jimbo lilelile Ralph Nader wa chama kidogo alipata zaidi ya 97,000. Demokrati wengi hawajamsamehe mpaka leo. Basi mhafidhina aliposema anakwenda chama kidogo, jirani yake alimwambia: «Utafanya kwetu kama Nader alivyofanya kwao.»

Sisi Wakongomani tusicheke. Mwaka 2006 tulipiga kura ya Prezida mara mbili: kwanza kwa moyo, halafu kati ya wawili waliobaki. Mwezi wa Januari 2011 katiba ilibadilishwa, ikawa mara moja tu, na mwaka uleule aliyetangazwa mshindi alikuwa na kura karibu 49 katika 100. Tangu siku ile nasi tunaulizana swali la watu wa Marekani: nimpigie ninayempenda, ao nimpigie anayeweza kumzuia nisiyempenda?

Mwaka 2008 shauri lilifika juu. Bob Barr alikuwa depute Republikani wa Georgia mpaka mwaka 2003. Yeye mwenyewe aliikubali Patriot Act mwaka 2001, kisha akajuta na kuipinga kwa nguvu. Mwaka 2006 aliacha chama chake akaingia kwa Libertariani, na mwaka 2008 alisimama kugombea uprezida. Mwezi wa Septemba Ron Paul, depute Republikani wa Texas aliyekataa sheria ile tangu mwanzo, aliwaita wagombea wa vyama vidogo Washington. Walikuja Nader, Cynthia McKinney wa chama cha Kijani, na mchungaji Chuck Baldwin wa chama cha Katiba. Watu wa mkono wa kushoto na watu wa mkono wa kuume wakakubaliana karatasi moja: Patriot Act ifutwe ao ibadilishwe sana, serkali isipeleleze wanainchi. Ni jambo la ajabu! Na Barr? Hakuja. Alifanya mkutano wake mwenyewe siku ileile. Siku chache baadaye Ron Paul akampa Baldwin mkono wake.

Barr alipata kura zaidi kidogo ya 523,000 katika inchi nzima, hata kura moja katika kila 100 hazikutimia. Baldwin karibu 200,000. Lakini angalieni North Carolina: Obama alimtangulia McCain kwa kura 14,177, na Barr alipata zaidi ya 25,000. Indiana ilikuwa karibu namna hiyohiyo. Hatusemi kura zile zote zingekwenda kwa McCain. Wengine wangekaa nyumbani. Tena Obama angeshinda hata bila majimbo yale mawili. Lakini mkubwa wa chama anayeona hesabu ile hawezi kulala vizuri.

Sisi wa kamati tulibishana juu ya shauri hili jioni mbili. Wamoja walisema: mfanyakazi asiyetayari kuacha kazi hasikilizwi na bwana wake, vilevile mpiga kura asiyetayari kuacha chama. Wengine walisema: aliye inje ya nyumba hawezi kuhamisha kiti. Hatukupatana. Sisi wengi zaidi tulifikiri hivi: mahali ambapo mshindi anajulikana tangu mbele, mtu ampigie wa chama kidogo bila woga, hasara hakuna, na mahali ambapo kura zinakaribiana, amsumbue depute wake kabla ya kura, mchana na usiku, mpaka aseme kwa kinywa chake atafanya nini juu ya juji na karatasi yake.

Maana ni katika nyumba ya wadepute kwamba jambo lilikaribia. Mwezi wa Juni 2013 Edward Snowden aliwaonyesha watu kwamba serkali ilikusanya daftari za simu za mamilioni ya wanainchi, nani kampigia nani na saa ngapi. Mwezi uliofuata Justin Amash, depute Republikani wa Michigan, na John Conyers, Demokrati wa Michigan vilevile, walileta shauri la kuizuia kazi ile. Walishindwa, 205 kwa 217. Republikani 94 walisema ndiyo. Kumbukeni kwamba mwaka 2001 walikuwa watatu. Miaka miwili baadaye, mwezi wa Juni 2015, sheria mpya iliikataza serkali kukusanya daftari zile kwa jumla.

Mtauliza wale watu wamefika wapi. Otter alibaki katika chama chake, akawa gavana wa Idaho tangu mwaka 2007 mpaka 2019. Barr alirudi kwa Republikani. Mwaka 2014 aliomba kiti cha depute huko Georgia, wakamnyima. Amash aliacha chama tarehe 4 Julai 2019, siku yao ya uhuru, na mwaka 2020 akawa Libertariani wa kwanza kuketi katika Kongresi. Hakuomba kiti tena. Mwaka 2024 alirudi kuwaomba Republikani wa Michigan wamsimamishe kwa Seneti, nao wakamchagua mwingine.

Mwaka uleule wa 2024, mwezi wa Aprili, sheria ya kusikiliza ya mwaka 2008 ilirudi mbele ya wadepute kuongezewa muda. Wengine waliomba neno moja liingizwe: polisi wakitaka kutafuta maneno ya Mmarekani katika yale yaliyokusanywa, wapate kwanza ruhusa ya juji. Vyama vyote viwili vilipasuka katikati. Republikani 128 na Demokrati 84 walisema ndiyo. Republikani 86 na Demokrati 126 walisema hapana. Pigeni hesabu: 212 kwa 212. Na kanuni ya nyumba ile ni kwamba kura zikilingana, shauri limeanguka.