NYUMBA, SKULI NA MWENENDO WA VIJANA

Maelezo ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya mikutano ya wazee na walimu katika shehia



Linapotokea jambo la fedheha kwa kijana, kama vile kukamatwa na unga au kutoroka nyumbani, swali la kwanza la mtaa huwa ni lile lile: alikuwa akifuatana na nani? Swali hilo si baya, ila huja limechelewa. Linalopaswa kutangulia ni kuwa mtoto huyo, kabla hajafuatana na hao, alikuwa na nani wa kumwendea.

Umri unaokusudiwa hapa ni ule ambao Shirika la Afya Duniani huuhesabu kutoka miaka 10 hadi 19. Ni umri wa kujaribu. Kijana hujaribu sigara, hujaribu kuchelewa kurudi, hujaribu uongo mdogo aone kama utapita. Kujaribu kwenyewe hakuna aliyeweza kukuzuia. Kinachomtafautisha kijana mmoja na mwenziwe ni kama yupo mtu mzima ambaye anaona haya kumvunja moyo.

Jambo hili lilichunguzwa kwa upana nchini Marekani, na matokeo yake yakachapishwa mwezi wa Septemba, 1997 katika jarida la chama cha madaktari wa nchi hiyo. Vijana 12,118 wa darasa la 7 hadi la 12 walihojiwa majumbani mwao juu ya huzuni, fikra za kujiua, ugomvi, sigara, ulevi, bangi na mambo ya kujamiiana. Ilidhihirika kwamba kijana anayehisi kupendwa na kushikamana na wazee wake, na vile vile kijana anayehisi kuwa yeye ni mmoja wa watu wa skuli yake, alikuwa mbali zaidi na takriban kila hatari iliyopimwa, isipokuwa kupata mimba. Kuwapo kwa mzee nyumbani asubuhi, baada ya skuli, wakati wa chakula na wakati wa kulala nako kulisaidia, lakini si kwa kiasi cha mapenzi yenyewe. Ni kweli kuwa uchunguzi wa namna hii hauthibitishi peke yake kipi ni sababu ya kipi, kwani kijana aliyekwishapotoka naye hujitenga na wazee wake. Hata hivyo, si rahisi kuyapuuza matokeo yanayorudi vile vile katika hatari baada ya hatari.

Kwa upande wa skuli, aina ya skuli na kiwango cha mafunzo ya walimu havikuonekana kuwa na uzito mkubwa katika suala hili. Uzito ulikuwa katika mambo ambayo hayahitaji fungu la bajeti: mwanafunzi kuona kwamba mwalimu anamtendea haki, na kwamba wapo watu skulini alio karibu nao. Wataalamu walioendelea kuzichambua takwimu hizo waliongeza, mwaka 2002, kwamba wanafunzi hushikamana zaidi na skuli ndogo, na hushikamana kidogo pale adhabu zilipo kali kupita kiasi. Wapo wanaoamini kuwa bakora ndiyo inayomrudisha mtoto njiani. Bakora humrudisha kitini. Kwengineko inakomfikisha, mwenye kuitumia hakuoni.

Hapa Visiwani mtoto hupita katika mikono mingi kwa siku moja: nyumba, chuo cha Kurani, skuli, halafu baraza. Kwa miaka mingi skuli nyingi zimeendeshwa kwa mikondo miwili, na anayeingia mchana asubuhi yake huwa ni yake mwenyewe. Nyumbani hudhaniwa yuko chuoni, chuoni hudhaniwa ametumwa dukani, na mwalimu wa skuli humwita jina akapita kwa anayefuata. Baba yuko dago, mama yuko mwanini maji yakitoka. Kila mmoja anaamini kuwa mwenziwe ndiye aliyemshika mtoto, na mtoto ndiye wa kwanza kutambua kwamba hakushikwa na yeyote.

Kazi za watoto nazo ziangaliwe. Uchunguzi ule wa Marekani ulionesha kuwa vijana waliofanya kazi ya malipo kwa saa 20 au zaidi kwa wiki walikuwa na huzuni zaidi na walitumia zaidi sigara na ulevi. Kumsaidia mzazi shambani ni malezi. Kumwacha mtoto wa miaka 13 auze vitu pwani hadi usiku, akifuatana na mapapasi, hakuwezi kuitwa malezi, hata kama anarudi na fedha.

Husemwa pia kuwa wazee wa Kiswahili wanaona haya kuzungumza na watoto wao mambo ya baleghe. Haya hiyo ina heshima yake, na wahenga waliijua. Ndiyo maana msichana alikuwa na somo wake, na mvulana akawa na mjomba au babu. Lililoharibika ni kwamba haya imebaki na somo ameondoka. Nyumba isiyo na somo imchague shangazi au jirani anayeaminika, na mtoto aambiwe waziwazi kwamba huyo ndiye wake.

Kisiwa cha Iceland kinafaa kutajwa. Mwaka 1998 vijana 42 katika kila 100 wa miaka 15 na 16 walikuwa wamelewa katika mwezi uliotangulia. Kufikia mwaka 2016 walikuwa 5. Sheria iliwakataza watoto wa miaka 13 hadi 16 kuwa nje baada ya saa 4 usiku wakati wa baridi, lakini sheria haikuachwa peke yake. Wazee wa kila skuli walikubaliana kuifuata kwa pamoja, ili pasiwe na mtoto wa kusema kuwa mwenziwe ameruhusiwa, na jioni zikajazwa michezo na muziki chini ya walimu waliofunzwa.

Kwa desturi, mzee huitwa skuli mtoto anapokosa. Wazee wanaombwa wafike pia siku isiyokuwa na kesi, na walimu wakuu wanaombwa wawapokee. Mwanafunzi asiyeonekana kwa siku 3 aulizwe nyumbani kwao na chuoni kwake, na isipopatikana habari, apelekewe taarifa sheha wa shehia kabla ya jina lake kufutwa katika daftari.