Jani la Mgimbi na Koti la Mvua



Aliyekulia karibu na bonde lenye maji hahitaji kusimuliwa kisa cha jani la mgimbi. Ulimwagie maji, hayalowi. Maji hujikusanya kuwa vitone vya mviringo kama shanga, huserereka mpaka ukingoni, yakaanguka, na jani likabaki kavu kana kwamba hakuna kilichopita. Watoto wamelifanya mwavuli tangu zamani. Lakini lipo jambo la pili ambalo wengi wetu hatulitazami: mmea huo husimama topeni, na bado jani lake huwa safi. Kila kitone kinachoviringika huzoa vumbi na kwenda nalo.

Mtu aliyelifuatilia jambo hili mpaka likapata jina ni profesa mmoja wa mimea wa Ujerumani, Wilhelm Barthlott. Tangu miaka ya 1970 alikuwa akiyaangalia majani kwa hadubini ya elektroni, na akagundua kitu cha kushangaza: majani yaliyokuwa laini ndiyo yaliyohitaji kusafishwa kabla ya kuchunguzwa, ilhali yale yenye uso wa kukwaruza yalifika yakiwa safi. Mimi na wewe tungedhani kinyume chake. Mwaka 1997 yeye na mwenzake Christoph Neinhuis walichapisha maelezo yao, wakitumia zaidi mmea wa majini wa Asia uitwao lotasi, unaofanana kwa sura na yungiyungi letu. Jani la mgimbi nalo lina tabia hiyo hiyo.

Siri yenyewe ni hii. Uso wa jani hilo umejaa vinundu, kila kimoja kikiwa na upana wa kama sehemu moja ya mia ya milimita. Juu ya kila kinundu kuna vijiti vya nta, vidogo zaidi, ambavyo hupimwa kwa nanometa. Mimi nilisomea uandishi wa habari, si fizikia, kwa hiyo nanometa naieleza hivi: unywele wa binadamu una unene wa nanometa kama 80,000. Kitone cha maji kikitua juu ya vijiti hivyo hakifiki chini. Hukaa juu ya ncha, kama turubai la arusi linavyokaa juu ya nguzo, na chini yake ni hewa tupu. Kwa kuwa hakina pa kushika, hujiviringa.

Nta yenyewe husaidia, sikatai, maana nta haipendani na maji. Lakini paka nta kwenye kioo laini uone: maji yatasimama kwa shingo upande, wala hayatakimbia kama yanavyokimbia kwenye jani. Kinacholeta tofauti ni umbo. Na hapo ndipo ninapotaka tutulie kidogo, kwa sababu viwandani, kwa miaka mingi, njia iliyofuatwa ilikuwa nyingine. Njia hiyo ilikuwa dawa.

Koti la mvua ambalo maji hayalishiki, kitambaa cha kochi kisichoshika doa, karatasi ya kufungia chipsi isiyopitisha mafuta: vingi kati ya vitu hivi vilipakwa kemikali za jamii iitwayo PFAS. Ndani yake kaboni imefungamana na florini, na fungamano hilo ni gumu mno kuvunjika. Ndiyo maana hufukuza maji na mafuta pia. Na ndiyo maana, zikishatoka kwenye koti na kuingia kwenye udongo au mto, hazioondoki. Wenzetu wamezipa jina la kemikali za milele. Mkataba wa Stockholm uliiwekea masharti mojawapo, PFOS, mwaka 2009, na mwaka 2019 ukaiingiza nyingine, PFOA, katika orodha ya kemikali za kukomeshwa. Mwaka 2023 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliitaja PFOA kuwa inasababisha saratani kwa binadamu.

Sasa swali: je, umbo peke yake, bila dawa, linaweza kufanya kazi hiyo? Mwaka 2014 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, Tingyi Liu na Chang-Jin Kim, walitoa jibu la kunyamazisha watu. Walichonga juu ya silika, kitu cha jamii ya kioo ambacho kwa kawaida hulowa, misumari midogo sana yenye vichwa bapa, na ukingo wa kila kichwa ukainamishwa kuelekea chini kama upindo wa mwavuli. Hawakupaka chochote. Maji yalikataliwa, mafuta yakakataliwa, hata vimiminika ambavyo hulowesha karibu kila kitu vikakataliwa. Jani la mgimbi lenyewe haliwezi hivyo, mafuta huliloanisha.

Silika ni ghali kuchonga. Plastiki ni rahisi zaidi, kwa sababu plastiki hupigwa muhuri. Nasema muhuri kwa maana ile ile ya muhuri wa serikali ya mtaa, isipokuwa huu haupakwi wino: kinatengenezwa kibao kimoja kigumu chenye michoro midogo, kisha kinakandamizwa juu ya plastiki iliyolainishwa kwa joto, na michoro inabaki. Stephen Chou na wenzake huko Marekani walionyesha mwaka 1995 kwamba njia hii inaweza kushuka mpaka vipimo vya nanometa. Na usidhani ni jambo la mbali. Ile sahani ya muziki, CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, ni plastiki iliyofinyangwa vishimo kwa namna inayokaribiana na hiyo. Mistari ya vishimo hivyo imepishana kwa nanometa 1,600. Ukiigeuza juani unaona rangi za upinde wa mvua, na hakuna aliyeipaka rangi. Ni nafasi kati ya mistari inayoitawanya nuru.

Hapo umbo linaanza kazi ya pili, ya kutoa habari. Kitu kikijaa ndani ya mifereji hiyo, rangi hubadilika. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliripoti kwamba magamba ya bawa la kipepeo Morpho, ambaye ubuluu wake unatokana na umbo namna hii, hubadili jinsi yanavyoakisi nuru kulingana na mvuke uliopita, kiasi kwamba mvuke mmoja unatofautishwa na mwingine. Na mwaka 2011 watafiti wa Italia waliziunganisha kazi zote mbili. Walikausha tone juu ya nguzo ndogo zisizolowa. Tone halikutandaa, lilisinyaa likimalizikia mahali pamoja, likiwa limekusanya kila kilichomo ndani yake hapo ambapo nuru ilikuwa ikingoja kukisoma. Anayejua foleni ya maabara zetu ataelewa kwa nini habari hii ilinifurahisha.

Furaha hiyo ina kikomo, nami sitaki kuuza maneno. Sugua jani la mgimbi kwa kidole, kisha limwagie maji pale pale. Linalowa. Vijiti vya nta vimelala. Jani likiwa hai huweza kuiota nta yake upya. Plastiki haioti kitu. Koti huvaliwa, hufuliwa, hukalishwa kwenye kiti cha daladala. Ndiyo sababu maumbo haya yametangulia kwenye maabara, ambako hayaguswi, na dawa bado inashikilia makoti.

Lakini dawa nayo imeanza kufukuzwa. Januari 2023 Ujerumani, Uholanzi, Denmark, Norway na Sweden zilipeleka pendekezo la kuzibana kemikali hizi zote kwa pamoja barani Ulaya. Ufaransa ilipitisha sheria Februari 2025 ya kupiga marufuku nguo mpya zenye kemikali hizo kuanzia Januari 2026, ingawa masufuria yaliponea chupuchupu baada ya wenye viwanda kuyapigania.

Sasa makoti ya zamani yaliyomo makabatini huko yatakwenda wapi? Ndugu msikilizaji, unaifahamu njia, kwa sababu huenda hata shati ulilovaa jioni hii lilipita humo ndani ya robota. Sisemi mitumba iachwe; nami hununua. Nasema wakaguzi wetu bandarini wanahitaji kifaa cha kupima florini kwenye kitambaa, maana kwa macho haiwezekani. Mwuzaji atakumwagia maji juu ya koti mbele yako, nayo yataviringika vizuri kama juu ya mgimbi, na hutajua kama yanakimbia nta, silikoni au ile kemikali ya milele. Lebo, mara nyingi, imeshakatwa.