Baiskeli Milimani: Miguu Tunayo, Tujenge Utaratibu

(Haya ni maandishi ya hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wakazi wa wadi ya Magwagwa, Kaunti Ndogo ya Nyamira Kaskazini. Yamefupishwa kidogo ili yatoshe katika jarida hili.)

 

Nimeombwa nizungumze juu ya mbio za baiskeli za milimani na duathloni, yaani shindano la kukimbia na kuendesha baiskeli. Vijana wengi wa hapa wanauliza wataanzaje. Wazazi nao wanauliza swali jingine: huu ni mchezo kweli, au ni njia mpya ya kuvunjika miguu? Maswali yote mawili yana haki ya kujibiwa.

Kwanza, tuelewane kuhusu mchezo wenyewe. Baiskeli ya milimani ina tairi pana zenye meno, breki kali na gia nyepesi za kupandia. Mashindano yake yalianza kuchukua sura miaka ya 1970 huko California, Marekani, ambako vijana walikuwa wakichukua baiskeli kuukuu na nzito na kushindana kuteremka njia za vumbi milimani. Mwaka wa 1990 kukafanyika mashindano ya dunia yanayotambuliwa na chama cha baiskeli cha kimataifa, na mwaka wa 1996 mchezo ukaingia Olimpiki ya Atlanta. Katika mbio za nyika za baiskeli, waendeshaji huanza pamoja na kuzunguka njia ile ile mara kadhaa, wakipanda, wakiteremka na kupita kwenye mizizi, mawe na matope.

Duathloni ina sehemu tatu: unakimbia, unaendesha, unakimbia tena. Barabarani, shindano fupi huwa kilomita 5 za kukimbia, 20 za baiskeli na 2.5 za kumalizia. Lile la kawaida ni kilomita 10, 40 na 5. Nje ya lami umbali hubadilika kulingana na ardhi, kwa sababu kilomita moja ya mlima wenye utelezi hailingani na kilomita moja ya lami.

Sasa tujiulize kwa nini Magwagwa. Hapa kwetu tambarare ni adimu. Mtoto wa Magwagwa hupanda na kuteremka kila siku akienda shule, mtoni au kwenye kituo cha majani chai, na sehemu kubwa ya kaunti yetu iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Isitoshe, kukimbia si jambo geni kwa Omogusii. Nyandika Maiyoro alikimbilia Kenya katika Olimpiki ya Melbourne mwaka wa 1956, nchi ikiwa bado chini ya mkoloni. Naftali Temu ndiye aliyeletea Kenya dhahabu ya kwanza kabisa ya Olimpiki, katika mita 10,000 kule Mexico mwaka wa 1968. Hao ni wa kwetu. Kwa hiyo kijana wa hapa akiingia duathloni, sehemu mbili kati ya tatu anazifahamu tayari. Iliyobaki ni ile ya katikati.

Na hiyo ya katikati haijawashinda Wakenya. Kule Kikuyu, katika kijiji cha Mai-a-Ihii, David Kinjah amewafundisha vijana kuendesha na kutengeneza baiskeli kwa miaka mingi. Mmoja wa waliopita mikononi mwake ni Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyejifunza kwa baiskeli za milimani kwenye njia za vumbi. Froome aliiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Melbourne mwaka wa 2006, na baadaye, akishindana kwa leseni ya Uingereza, akashinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Jirani zetu Rwanda, nchi ya vilima kama yetu, walimpeleka Adrien Niyonshuti katika mbio za baiskeli za milimani za Olimpiki ya London mwaka wa 2012, naye ndiye aliyebeba bendera ya taifa lake. Septemba 2025 Kigali ikawa mji wa kwanza wa Afrika kuandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Hapa nchini pia kuna mbio za 10to4, zinazoteremka kutoka futi 10,000 hivi kwenye Mlima Kenya hadi karibu futi 4,000, na kuchangisha pesa za kuhifadhi mlima huo.

Lakini sitawadanganya. Wengi wetu tutakaoingia mchezo huu tutabaki wanamichezo wa ridhaa, na hilo si aibu. Anayefanya kazi shambani Jumatatu hadi Ijumaa akashindana Jumamosi amepata afya, marafiki na sababu ya kulala mapema. Kijana asiache shule wala kazi kwa kuahidiwa kwamba baiskeli itamtajirisha.

Jambo la pili ambalo sitalificha ni hatari. Suleiman Kangangi alikuwa miongoni mwa waendeshaji bora ambao nchi hii imewahi kuwapata. Alikuwa wa tatu katika Tour du Rwanda ya mwaka wa 2017, na baadaye nahodha wa Team Amani, timu ya vijana wa Afrika Mashariki wanaoshindana kwenye njia za changarawe. Tarehe 27 Agosti 2022 alianguka katika mbio za changarawe huko Vermont, Marekani, akafariki. Alikuwa na umri wa miaka 33. Ikiwa mtu mwenye ujuzi wake aliweza kupatwa na hayo, sisi tunaoanza hatuna ruhusa ya kucheza na usalama. Ndiyo maana nasema mapema: pasipo kofia ngumu hakuna mbio. Hata kwa waendeshaji wa kulipwa, kofia ililazimishwa baada ya mwendeshaji Andrei Kivilev kuanguka na kufariki katika mbio za Paris–Nice mwaka wa 2003. Tusingoje msiba wetu ndipo tuweke kanuni.

Vijana, shikeni haya. Kabla ya kuondoka nyumbani, kagua breki zote mbili, cheni, na kama magurudumu yamekazwa. Ukiteremka, sukuma makalio nyuma ya kiti, kanyagio zikae usawa mmoja, macho yatazame mbele na siyo kwenye gurudumu. Finga breki kabla ya kona, usifinge ukiwa ndani ya kona. Ukivuta breki ya mbele ghafla kwenye mteremko, baiskeli itakurusha juu ya usukani. Usipoona mwisho wa mteremko, shuka utembee. Hata mabingwa hushuka.

Kwa duathloni, kuna somo moja ambalo mkimbiaji hodari hulikuta siku ya kwanza: ukishuka kwenye baiskeli, miguu huwa mizito kama ya kuazima. Misuli ilikuwa imezoea kuzungusha kanyagio, sasa inaombwa kubeba mwili wote. Dawa yake ni mazoezi. Mara moja kwa wiki, endesha kisha ukimbie hapo hapo kwa dakika 10, polepole. Na usimalize nguvu zote katika mbio za kwanza. Mwenda pole hajikwai.

Suala la mvua linatuhusu sisi kuliko watu wengine wengi. Nyanda hizi za Gusii zinajulikana kwa radi, na kila mmoja hapa amesikia habari ya boma lililopigwa. Kwetu mvua hupenda kunyesha alasiri. Basi mashindano yaanze asubuhi na yamalizike kabla ya saa sita. Ngurumo ikisikika, shindano lisimamishwe, watu waingie ndani ya jengo na si chini ya mkaratusi. Mwandalizi asione haya kuahirisha. Kikombe kitasubiri.

Sasa nije kwa jambo ambalo naona ndilo litakaloamua kama mchezo huu utaishi Magwagwa au utakufa. Jambo hilo ni njia.

Nyingi ya njia tunazoziita za kijiji zinapita kando ya shamba la mtu: chai ya huyu, nepia ya yule, lango la mama fulani anayekamua ng'ombe asubuhi. Vijana 20 wakipita kwa kasi siku ya kuchuma chai, mama mwenye mzigo mgongoni atakwenda wapi? Na baiskeli ikiburuza gurudumu la nyuma kwenye udongo mwekundu uliolowa, inachora mfereji. Mvua inayofuata inaugeuza kuwa korongo, na udongo wa shamba unateremka hadi mto Sondu. Mkulima akikasirika hapo, atakuwa na haki.

Kwa hiyo napendekeza kanuni nne. Kwanza, hakuna njia itakayotumiwa kwa mashindano kabla mwenye shamba hajaombwa na kukubali, na makubaliano yaandikwe mbele ya mzee wa kijiji. Pili, njia ikiwa imelowa sana, ifungwe, hata kwa mazoezi. Tatu, anayetembea kwa miguu ana haki ya kwanza: mwendeshaji anapunguza mwendo, anasalimia, ndipo anapita. Nne, baada ya kila shindano, kikundi kirudi na majembe kufukia mifereji na kuokota takataka. Mkulima akiona mnatengeneza njia yake, mwaka ujao atakuwa amesimama langoni akiwashangilia.

Kuhusu gharama, msianze kwa kununua baiskeli ya bei ya ng'ombe. Anza na baiskeli ya mtumba iliyo imara. Pesa ya kwanza iende kwa kofia, ya pili kwa breki, ya tatu kwa tairi. Mapambo yaje mwisho. Kikundi cha vijana 10 kinaweza kuanza na baiskeli 3 na fundi mmoja, maana kijana anayejua kuziba pancha na kunyoosha gurudumu ana kazi mkononi hata asiposhinda mbio. Tena duathloni inaweza kufanywa kwa kupokezana: mmoja anakimbia, mwenzake anaendesha. Njia hiyo inamfungulia mlango asiye na baiskeli. Na wasichana wasiachwe nyuma wakishika koti za ndugu zao. Wapangiwe mbio zao, muda wao na zawadi sawa.

Mwisho, serikali. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la michezo na vifaa vyake, pamoja na barabara za kaunti. Sheria ya Michezo ya mwaka wa 2013 nayo inataka kila klabu isajiliwe na Msajili wa Michezo. Sikuja hapa kuahidi pesa, kwa sababu pesa ya umma haiahidiwi kwenye hotuba. Inapangwa katika bajeti, na bajeti ina kalenda ambayo kila mwananchi anafaa kuijua. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Waraka wa mikakati ya fedha hufuata kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Wananchi wana nafasi ya kutoa maoni katika hatua hizo. Msingoje dakika ya mwisho.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Undeni kikundi, chagueni viongozi, andikeni kumbukumbu za mikutano. Chagueni njia moja tu ya kilomita 3 au 4 iliyokubaliwa na wenye mashamba. Mwoneni msimamizi wa wadi na chifu mapema. Kabla ya shindano lolote, zungumzeni na kituo cha afya kilicho karibu, tafuteni mtu aliyefunzwa huduma ya kwanza, na pikipiki moja au gari la kubebea majeruhi likae tayari. Ndugu zetu wa bodaboda, hapo ndipo tunawahitaji: mnazijua njia hizi kuliko ramani yoyote, nanyi ndio mtakaosimama kwenye makutano kuzuia magari.

Wazazi, ombi langu kwenu ni moja. Mtoto akisema anataka kushindana, msimkataze kabla hamjamuuliza maswali matatu: kofia iko wapi, nani anakufundisha, na njia hiyo ni ya nani? Akiwa na majibu, mpeni baraka na uji wa wimbi. Akikosa jibu hata moja, asubiri kwanza.