Kabla Hujamlipa Dalali wa Nyumba

Maneno ya afisa wa idara ya ardhi ya kaunti kwa wakazi waliohudhuria baraza, Kisauni

Mzee wa mtaa ameniomba nisirefushe, na jua hili mnalihisi wenyewe, kwa hivyo nitaingia moja kwa moja.

Kuna mama alikuja ofisini kwetu na bahasha ya kaki. Alikuwa amefanya kazi za nyumbani Saudia miaka sita. Kupitia dalali aliyejulishwa na jirani, alinunua nyumba ya vyumba vinne huku huku Kisauni. Mkataba alikuwa nao, risiti alikuwa nazo, funguo pia. Alichotaka kwetu ni kuelekezwa jinsi ya kupata hatimiliki. Tulipozisoma zile karatasi, neno ardhi halikuwamo hata mara moja. Mama alikuwa amenunua kuta na mabati. Kiwanja ni cha mtu mwingine, na mtu huyo alishaanza kumdai kodi.

Nyinyi watu wa Mombasa mnaujua mpango huu kuliko mimi. Nyumba bila ardhi ni jambo la zamani hapa pwani. Kuanzia Majengo hadi Likoni kuna familia zilizoishi hivyo vizazi kwa vizazi, zikimlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Si kosa kununua nyumba ya namna hiyo. Lakini bei yake haiwezi kuwa bei ya nyumba yenye hatimiliki, huna hati ya kupeleka benki ukitaka mkopo, na siku mwenye ardhi akiamua kuuza, wewe ndiwe wa kuhangaika. Dalali yule alijua. Mama hakuambiwa, na hakuuliza kwa kuwa aliona aibu kuonekana mshamba.

Kwa hivyo swali la kwanza kwa dalali ni hilo: nanunua nyumba pamoja na ardhi, au nyumba peke yake? Sikiliza anavyojibu. Akikwambia "usijali, karatasi zitakuja", shukuru, kunywa chai yako, uende zako.

La pili, muulize kama amesajiliwa. Tuna Sheria ya Mawakala wa Nyumba na Ardhi, Sura ya 533, iliyopitishwa mwaka 1984. Sheria hiyo ndiyo iliyounda Bodi ya Usajili wa Mawakala, na kufanya kazi hii bila kusajiliwa ni kosa. Anayesajiliwa ni mtu, si bango lililo mlangoni. Omba kuona cheti chake cha mwaka huu, ulinganishe jina na kitambulisho chake, kisha uulize bodi yenyewe kama jina hilo limo kwenye orodha yao. Wakala wa haki hatakasirika.

Najua mnachofikiria. Huku mitaani madalali wengi hawana cheti, na wengine ni watu wazuri, wanaijua kila nyumba na kila ugomvi wa mirathi kuliko kompyuta yetu. Sikatai. Mtu kama huyo akuonyeshe njia, lakini asishike pesa zako.

Hapo kwenye pesa ndipo penye maumivu. Kwa kawaida ada ya wakala hulipwa na muuzaji, maana yake ni kwamba wakala anamfanyia kazi muuzaji, hata akikuita wewe "ndugu yangu" mara kumi. Na yule asiyetaka kabisa ukutane na mwenye nyumba, mara nyingi ameweka cha juu. Mwenye nyumba anataka milioni nne, wewe unaambiwa tano. Sisitiza kumwona mwenye mali uso kwa uso, na kitambulisho chake mkononi. Kama ana mke au mume, huyo naye aridhie kwa maandishi, kwa sababu nyumba ya ndoa haiuzwi bila idhini ya mwenzake.

Pesa za kushikilia nyumba usizitume kwa M-Pesa ya dalali. Arabuni, ambayo kwa kawaida ni asilimia 10 ya bei, ipitie kwa wakili baada ya mkataba kutiwa sahihi. Wakili awe wako, si yule wa muuzaji aliyependekezwa na dalali. Sheria inataka mkataba wa ardhi uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote na sahihi hizo zishuhudiwe. Makubaliano ya kwenye simu hayatakusaidia mahakamani.

Kuhusu upekuzi wa hatimiliki: ufanye mwenyewe au kupitia wakili wako. Karatasi ya upekuzi iliyoletwa na dalali ni karatasi tu. Upekuzi utakuonyesha jina la mwenye ardhi, ukubwa wake, na kama kuna rehani ya benki au zuio. Hautakwambia nani alijenga nyumba iliyo juu yake wala nani analala ndani. Hilo linahitaji miguu. Nenda jioni, ongea na wapangaji, muulize muuza maji. Mpeleke mpima ardhi aliyesajiliwa akuonyeshe vigingi.

Wanaonunua fleti za Bamburi na Nyali, ulizeni kama kuna hati ya fleti yenyewe chini ya Sheria ya mwaka 2020. Hati moja ya jengo zima haikutoshi.

Jambo jingine ambalo madalali hulisahau kwa makusudi ni ushuru wa stempu. Mjini ni asilimia 4 ya thamani, na anayelipa ni mnunuzi. Nyumba ya milioni 5 ina shilingi 200,000 juu yake, kabla ya ada ya wakili. Kama hukuipangia, utakwama ukingoni.

Yule mama bado tunamsaidia kuzungumza na mwenye ardhi. Dalali amebadilisha namba ya simu.

Kwa sehemu yetu sisi kaunti, tunatoa cheti cha kuonyesha kwamba kiwanja hakidaiwi kodi ya ardhi. Muuzaji akuletee hicho kabla hujamaliza malipo, la sivyo deni lake litakufuata wewe. Wenzangu wawili wa kitengo cha kodi wako pale chini ya mwembe. Mwenye namba ya kiwanja aende nayo sasa, wataiangalia.