KUULIZWA SI KUPATANA

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi letu la reli)



Juma lijalo tutachagua watu watatu wa kukaa na wakubwa katika kamati ya mashauriano. Kabla ya kupiga kura, tuitazame njia waliyopita wazee wetu.

Wakati wa ukoloni watumishi wa Serikali katika Kenya hawakuwa na chama kimoja. Waafrika walikuwa na chao, Wahindi chao, Wazungu chao. Kila kundi lilibisha mlango peke yake. Mwaka 1948 tume ya Sir Maurice Holmes ilishauri kwamba asiye Mzungu apewe sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu wa cheo kile kile. Mmoja akipata shilingi tano, mwenziwe tatu, na kazi ni ile ile. Ilikuwa mpaka 1954 ndipo tume ya Sir David Lidbury ikashauri jambo hilo liondolewe.

Huko Uingereza watumishi wa Serikali walipata Baraza za Whitley mwaka 1919. Upande mmoja walikaa wakubwa, upande wa pili watumishi, na neno lilikatwa pande zote mbili zilipokubali. Lakini chama cha watumishi katika koloni kilikuwa na nguvu ya kuomba tu. Kiliandika barua, mkubwa akasoma, kisha akaamua mwenyewe.

Tom Mboya aliliona hilo. Alikuwa mkaguzi wa afya katika Baraza la Mji wa Nairobi, na mwaka 1952 alichaguliwa kuongoza chama cha watumishi Waafrika wa hapo. Yeye na wenzake hawakukivunja. Walikigeuza kikawa chama cha wafanyakazi hasa, cha kupatana na tajiri juu ya mishahara na masharti ya kazi.

Hata sisi tumeonja. Katika kamati moja tuliyokaa zamani tulipeleka shauri la posho ya kazi ya usiku. Mkubwa alitushukuru sana, chai ikaletwa, karani akaandika, "Limesikiwa." Mkutano wa pili, limesikiwa. Mkutano wa tatu halikuwamo tena katika orodha. Tulipouliza tulionyeshwa kumbukumbu: shauri limekwisha, na sahihi zetu ziko chini. Tulikuwa tumetia sahihi bila kusoma. Tuliwaendea wenzetu wa zamu ya usiku mikono mitupu, na aibu ilikuwa yetu.

Kwa hiyo, ndugu, hatusemi kamati ikataliwe. Maji, nyumba, taa za yadi, hayo yaweza kutengenezwa hapo. Lakini tushike haya:

1. Wajumbe tuwachague sisi, wasichaguliwe na ofisi.

2. Kila shauri lipewe siku ya kujibiwa.

3. Kumbukumbu zisomwe hapa tawini kabla ya sahihi.

4. Mshahara na saa za kazi ni shauri la chama na mapatano yaliyoandikwa. Lisiachwe likazikwa katika kamati.

Akituuliza mkubwa, tumjibu kwa adabu. Lakini tusirudi nyumbani tukisema tumepata, hali tumeulizwa tu.

Njoni wote siku ya kura. Asiyekuja asije akalaumu.